Kibodi Niliyombadilishia Sikio

Nianze na ubaya wangu, msije mkadhani nimekuja hapa kujifanya mtakatifu. Mimi ni mtu wa mdomo. Pale ofisini wananijua. Karani akikanyaga sakafu yangu mbichi namwambia papo hapo, hata awe amevaa tai. Miaka kumi na mmoja napiga deki na kupika chai katika jengo lile la mahakama, na kwa miaka hiyo yote sijawahi kukosa la kusema. Siku niliyotakiwa kusema kweli, ulimi ukaganda. Kwa hiyo nikimsimulia Sikio, mnivumilie nikijisema na mwenyewe humo humo.

Sikio ni mpiga chapa. Jina hilo tulimpa sisi wa chini, naye akalipokea kwa kicheko. Kazi yake ni kusikiliza rekodi za kesi na kuziandika kwenye kompyuta neno kwa neno: shahidi kasema nini, wakili kauliza nini, hakimu kajibu nini. Haoni. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, hodari wa taipureta, presha ya macho ilipomwanza. Aliniambia kwamba mwanzoni alidhani balbu za chumbani zimechoka, akaomba zibadilishwe. Zikabadilishwa, na kiza kikabaki pale pale. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anaongozwa na mkewe mpaka getini.

Wakubwa wa wakati ule walitaka kumpumzisha. Akawaomba kitu kimoja tu: wamsomee ukurasa mzima, yeye aupige chapa, wahesabu makosa. Wakasoma, akapiga, wakahesabu. Makosa mawili, na moja lilikuwa la aliyesoma. Wakamwacha. Baadaye zilipokuja kompyuta akapewa ile inayosema: ina programu ndani yake, ukibonyeza kitufe inakutajia, ukimaliza mstari inakusomea. Kwenye vitufe vya kibodi yake alidondosha matone ya rangi ya kucha ya mkewe, hapa tone, pale tone, ili vidole vijue viko wapi hata akitoka kunywa maji na kurudi.

Na alikuwa anajua kazi, jamani. Kuna rekodi ililetwa ya bibi mmoja aliyetoa ushahidi kwa sauti ya chini, feni inanguruma, watu wanakohoa. Wapiga chapa wote watatu wenye macho yao waliishindwa, wakaandika "haisikiki." Sikio aliivaa hedifoni, akafumba macho, sijui kwa nini alikuwa anayafumba, akairudia mara tano, akaandika kila alichosema yule bibi. Kesi ilikwenda kwa maneno yale.

Mimi alinijua kwa mwendo. Siku moja naingia na sinia, akasema, "Dada, leo umevaa ndala za mtoto?" Nikatazama chini, kweli, nimevaa za binti yangu. Nikamwambia, "Wewe huna aibu, unamchunguza mwanamke mpaka nyayo!" Akacheka mpaka chai ikapoa. Ndivyo tulivyokuwa.

Sasa, mashine inasoma yaliyomo ndani yake tu. Karatasi haiisomi. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kusoma nasoma. Barua ya shule ya wanawe, karatasi ya dawa, tangazo la ukutani, vyote ananyoosha mkono, "Nisomee, dada," nami namsomea, sinia liko mezani. Ikawa desturi.

Ndipo ukaja waraka. Chumba cha uchapaji kipunguzwe, kutoka watu wanne wabaki wawili. Afisa utumishi atatoka makao makuu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, aone kila mmoja anavyofanya kazi. Kwa Sikio waliongeza mstari wake peke yake: aonekane anatumia mashine yake bila kusaidiwa na mtu. Niliusoma mstari ule kwa sauti ndogo. Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfukoni.

"Dada," akasema, "nikirudishwa nyumbani nitakuwa kama kabati. Watu watanizunguka wapite."

Nikamwambia aache maneno hayo, nani wa kumrudisha yeye. Lakini usiku wangu wote niliyafikiria.

Haya, Jumatano. Saa kumi jioni nampelekea chai, yeye ametoka kidogo. Nataka kuliweka sinia pale pembeni, waya wa hedifoni umenasa kwenye mkono wa sinia. Nikavuta. Loo! Kikombe kizima, chai ya maziwa na sukari vijiko vitatu, juu ya kibodi. Nikaigeuza, nikaifuta, nikaipuliza kama uji wa mtoto. Vitufe vinashuka havipandi. Na kesho yake ndiyo Alhamisi.

Mtu mwenye akili angekimbia kumwita fundi, au angemngoja mwenyewe amwambie, "Kaka, nimekuharibia." Mimi niliwaza hivi, na leo naona haya kulitamka: haoni, hatajua. Aliporudi nikamdanganya pale pale mlangoni kwamba chumba kinapigwa deki, aende zake nyumbani mapema akapumzike kwa ajili ya kesho. Akaniombea dua, akaenda. Nikashuka stoo nikachukua kibodi nyingine ya zamani kama ile ile, nikaipangusa vumbi. Nikang'oa ya kwanza nyuma ya kompyuta, nikachomeka ya pili. Nyuma kule kuna matundu mawili ya duara, yamefanana kama pacha. La kwanza niliona gumu, nikajaribu la pili, nalo gumu, nikasukuma kwa nguvu mpaka ikakaa. Kisha nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba wangu, nikaiweka ile kibodi yenye chai ubavuni, na nikayaiga matone yote, moja baada ya jingine. Nilijiona fundi hasa. Ile ya chai nikaificha nyuma ya ndoo zangu.

Alhamisi saa mbili kasoro Sikio alikuwa ameshafika, shati limenyooshwa. Nilijipa kazi ya kufuta dirisha la chumba chake. Akabonyeza kuwasha. Siku zote mashine ile hulia mara moja, pii, inanguruma kidogo, halafu sauti inasema karibu. Siku ile ililia pii, pii, pii, ikanyamaza. Ikabaki feni tu.

Akangoja. Akaizima, akaiwasha. Pii tatu, kimya.

"Dada, kioo kinasemaje?"

Nikasogea. Maandishi meupe kwenye weusi, kwa Kizungu. Nikamsomea herufi kwa herufi, naye akaziunganisha. "Inasema haioni kibodi," akasema. "Halafu inasema nibonyeze F1 niendelee." Akacheka kidogo. "Haioni kibodi, na inataka nibonyeze kibodi. Huyu naye anamwambia asiye na mguu akimbie."

Akaibonyeza F1. Hakuna kitu. Vidole vyake vikatembea juu ya vitufe, taratibu, kisha vikasimama.

"Hii si yangu."

Akaigusa tena, akaipima kwa viganja. "Yangu ina ufa hapa pembeni. Nani aliingia humu jana?"

Huo, niliambiwa baadaye, ndio mlango wa kwanza wa fundi yeyote: kabla mashine haijagoma, ni nini kilichobadilishwa, na nani alikibadilisha? Na mimi nikajibu bila hata kumeza mate, "Fundi alipita jana jioni. Alisema anakuwekea nyingine, ile imechakaa."

Uso wake ukalainika. Akayapapasa matone. "Na matone ameniwekea! Yule kijana ana utu. Mungu ambariki."

Nilirudi dirishani, nikafuta kioo ambacho kilishatakata.

Tangu hapo kila alichofanya kilipotea njia, na aliyempoteza ni mimi. Alipitisha mkono nyuma ya kompyuta, akaigusa plagi ya kibodi, akasema, "Imekaa. Fundi hawezi kukosea tundu. Kazi ya fundi haichokonolewi. Basi ubaya uko ndani." Akaomba nimwangalie kama taa ndogo za kibodi zinawaka. Haziwaki. Akazima, akachomoa umeme, akafungua ubavu wa kasha. Akatoa vile vibao vya kumbukumbu, akavisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akavirudisha mpaka vikalia ka. Akawasha. Pii tatu. Akatoa ile betri bapa ya saa, akahesabu dakika tano kwa midomo, akairudisha. Pii tatu, na maneno yale yale kwenye kioo, nami nikayasoma upya kwa sauti inayotetemeka. Akaniuliza kama nina homa.

Saa tatu ikapita. Saa tatu na nusu. Jasho limemlowesha mgongo wa shati. Mara mbili alijaribu kumpigia fundi, simu yake imezimwa, nami nikashukuru Mungu kwa jambo hilo, fikiria, mtu mzima anamshukuru Mungu kwa uovu. Kila nikifungua mdomo nilimwona mkubwa wa utawala akiniandikia barua ya kufukuzwa, maana amri ya ofisi ni kwamba mhudumu haruhusiwi kugusa waya wa mashine yoyote. Nikafunga mdomo. Yeye anapigania kazi yake, nami nimekaa ubavuni napigania yangu kwa kumzamisha.

Saa nne kamili viatu vya kisigino vikalia koridoni. Sikio akavisikia kabla yangu, akajifuta uso.

Afisa utumishi alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa kalamu. Akatazama kasha lililofunguliwa, skrubu mezani, na mimi niliyesimama kama shahidi wa uongo, ambaye ndiye niliyekuwa.

"Tulikubaliana saa nne," akasema.

"Ndiyo, mama. Mashine haiwaki. Fundi alinibadilishia kibodi jana, na tangu hapo imegoma. Naomba apatikane aseme aliiwekaje."

"Na huyu dada anafanya nini hapa?"

"Ananisomea kioo. Mashine haiwezi kusema kabla haijaamka."

Mama akafungua faili, akaandika. Nilisikia kalamu. Sikio ndiye aliyeisikia zaidi, niliona shingo yake ikikaza. Halafu yule mama akatoa simu yake. "Namba ya fundi ninayo ile ya nyumbani. Ngoja nimuulize."

Simu ikaanza kuita.

Sitajisifu. Wako watakaosema nilipata ujasiri. Sikupata ujasiri wowote, nilisema kwa sababu simu ilikuwa inaita, na njia ya mwongo ni fupi.

"Si fundi," nikasema. "Ni mimi."

Mama akaikata simu. Nikayamwaga yote, kikombe, vijiko vitatu vya sukari, stoo, rangi ya kucha. Nilipofika kwenye rangi ya kucha nilishindwa kumtazama Sikio. Sikutazamwa naye pia, bila shaka, lakini uso wake alikuwa ameugeuzia kwangu, na mdomo umefunguka kidogo kama mtu aliyepigwa ngumi hajaanza kuumia.

Nilidhani atanifokea. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti kavu. "Plagi yake ina rangi gani?"

"Zambarau."

"Na tundu ulilochomeka?"

Nikainama nikatazama. Mungu wangu. "Kijani. La zambarau liko wazi, hapo juu yake."

"Uliisukuma kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana."

Akamgeukia afisa. "Mama, nipe dakika kumi."

Yule mama akatazama saa yake. "Nakupa. Dada, wewe toka mpaka mlangoni. Usiseme neno."

Nikatoka mpaka mlangoni. Sikio akazima, akachomoa umeme. Akaivuta plagi, akaileta kwenye kidole chake cha shahada, akazipitia pini zake ndogo moja moja kwa ncha ya ukucha. Akasimama kwenye moja. Akapapasa mezani akachukua kalamu ya wino, akaifungua, akatoa mrija wake, akabaki na lile ganda lenye kitundu. Akalivisha juu ya ile pini iliyopinda, akainyanyua polepole, huku amezuia pumzi, nami nimezuia yangu. Akaipima tena kwa ukucha. Kisha akapeleka mkono nyuma, akaliruka tundu la chini, akaligusa la juu, akaizungusha plagi mpaka ikakubali yenyewe, bila kusukumwa.

Akarudisha umeme. Akawasha.

Pii. Moja tu.

Sauti ya mashine ikasema karibu, na yule afisa akashtuka kwenye kiti. Mimi nililia pale pale mlangoni na aproni yangu mdomoni.

Afisa alimpa rekodi ngumu, ya ugomvi wa ndugu watatu wanaosema kwa pamoja. Sikio aliipiga chapa ukurasa na nusu kwenye kibodi ya kigeni, na sikumwona akikosea. Yule mama alisoma, akafunga faili, akasema, "Utapata barua." Basi. Akaingia chumba kinachofuata na visigino vyake.

Mimi barua yangu haikuchelewa. Onyo kali, nakala kwenye faili. Nilishukuru, maana nilistahili zaidi ya hapo. Jioni ile nilimwendea Sikio, nikamwambia, "Kaka, nisamehe."

Akavua hedifoni. "Chai ingeweza kumwagika hata mkononi mwangu," akasema. "Hilo halina neno. Lakini uliniacha nikambariki fundi."

Akasema yamekwisha, akaivaa hedifoni yake.

Yamekwisha! Wiki mbili nilimpelekea chai, akasema ahsante dada, kwa adabu, kama unavyomshukuru mtu wa ofisi ya jirani. Hakunitania ndala. Hakuuliza habari za binti yangu. Ningependa anitukane, tungalimaliza. Adabu ile ilinichoma.

Kisha barua ikaja, bahasha ya makao makuu. Mleta barua aliiweka mezani kwake akaondoka, na wenzake walikuwa wameitwa kuchukua zao. Tulibaki sisi wawili na sinia. Aliishika kwa muda, akaigeuza, akapapasa gundi. Nilianza kuondoka taratibu.

"Nisomee," akasema.

Nikaifungua. Nikasoma kuanzia juu, tarehe, kumbukumbu namba, yahusu. Nikasoma kwamba baada ya kumwona akifanya kazi, na kumwona akiitengeneza mashine yake kwa mikono yake mwenyewe, afisa amependekeza abaki. Kwamba atabaki. Kwamba ni yeye na mwenzake mmoja. Nikasoma mpaka jina la aliyetia sahihi, mpaka nakala kwa nani na nani. Sikuruka kitu. Nilikuwa nimeanza kucheka na machozi yananitoka, nikangoja acheke na yeye.

Hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama anavyosikiliza zile rekodi mbovu.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" akauliza.

"Ndivyo, kaka."

"Rudia pale katikati."

Nikarudia. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi yake. Akaitia kwenye bahasha, akachukua fimbo yake, akatoka. Nilisikia fimbo ikishuka ngazi, moja moja, mpaka chini.

Nikaenda dirishani. Alivuka uwanja mpaka kwenye kibanda cha askari wa getini, akamnyooshea bahasha. Askari akaivuta nje, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo yake inacheza. Mara akaitupa juu ya meza, akamkumbatia Sikio kwa nguvu, na Sikio akacheka, kichwa nyuma, kicheko kile kile nilichokijua mimi. Barua ile nilikuwa nimemsomea yote, neno kwa neno, lakini furaha yake aliingoja mpaka alipofika getini.